Chupa Tatu za Mvinyo wa Malimau

Mwaka ule reli ilipofika Dodoma, nilikuwa mpishi wa Mdachi mmoja aliyesimamia ujenzi. Nyumba yake ilikuwa ya mawe na mabati, imekaa peke yake juu ya mwinuko, na jiko langu lilikuwa nyuma, kibanda cha matofali mabichi ambacho moshi wake ulirudi ndani kila upepo ulipovuma kutoka mashariki. Na kule kwetu upepo hauchoki. Vumbi liliingia kwenye unga, kwenye chumvi, kwenye kope za macho. Nilifunika kila kitu kwa kitambaa na bado Bwana alitafuna mchanga, akanitazama.

Mimi ni mzaliwa wa Mpwapwa, katika nyumba ya Waislamu waliofika bara na misafara ya zamani wakaishia hapo. Upishi niliupata kwa baba, aliyewapikia wenye misafara. Mke wangu alikuwa Mgogo wa Miyuji. Siku hizo alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, na tulikaa katika chumba kimoja cha tembe, karibu na barabara ya kwenda kambi ya reli.

Bwana wangu hakuwa mkali kuliko Wadachi wengine. Hakunipiga hata siku moja kwa mkono wake. Lakini hakuwa na haja ya kupiga, kwa sababu boma lilikuwepo, na bomani palikuwa na hamsa ishirini. Viboko ishirini na tano, mtu amelazwa kifudifudi, askari mmoja ameshika mikono na mwingine miguu. Asubuhi upepo ukitulia kidogo tulisikia hadi jikoni. Nilikuwa nikikanda mkate nasikia. Mimi mwenyewe nilikuwa sijalazwa bado, na kila mwezi uliopita bila kulazwa uliniongezea hofu, kana kwamba zamu yangu ilikuwa inakaribia.

Asubuhi moja Bwana aliniita barazani. Alikuwa amevaa buti tayari, anapiga piga goti kwa kofia.

"Mpishi, kesho mchana Bwana Mkubwa wa reli anakuja na gari la moshi kutoka pwani. Atakula hapa."

"Vyema, Bwana."

"Akimaliza kula hunywa mvinyo wa malimau, ule wa Italia. Alikaa huko muda mrefu, anaujua. Mgiriki wa dukani anazo chupa. Nenda ukachague iliyo nzuri."

Nilisimama pale pale. Bwana alikuwa mtu wa bia. Mvinyo wa malimau hata yeye nadhani hakuujua. Nikasema, "Bwana, mimi sinywi. Nitachaguaje?"

"Una pua. Una macho. Siagi mbovu unaijua kabla hujaionja, sivyo?"

"Naijua, Bwana. Lakini kwa habari hizi za Gulwe..."

Hapo uso wake ulibadilika. Habari za Gulwe kila mtu aliyekuwa na uhusiano na reli alikuwa amezisikia. Mafundi wawili wa Kitaliano, waashi wa madaraja kule Gulwe, kituo cha chini kuelekea pwani, walinunua chupa ya mvinyo kwa mpita njia. Wakanywa jioni, wakalala. Mmoja hakuamka. Wa pili aliamka akaita watu wamwashie taa, na jua lilikuwa limeshatoka. Ilisemekana ndani ya chupa ile palikuwa na spiriti ya taa iliyotiwa sukari na rangi, na kwamba zilikuwapo nyingine za namna hiyo zikizunguka reli nzima, hakuna aliyejua ngapi wala mikononi mwa nani.

"Gulwe hakuna habari," Bwana alisema. "Mtu mmoja alikufa kwa homa. Umesikia? Kwa homa."

"Nimesikia, Bwana."

"Ukileta chupa mbaya, hamsa ishirini. Usipoleta chupa, hamsa ishirini."

Akaenda zake kupanda kiberenge kuelekea Ihumwa, ambako mchanga ulikuwa umefunika reli na ilibidi uondolewe kabla ya mgeni kupita. Mimi nikanawa mikono kwenye beseni, nikaifuta, nikanawa tena.

Duka la Mgiriki lilikuwa banda la mabati lenye joto la tanuri. Mwenyewe alikuwa mtu mnene, mpole, aliyezoea kunitania kila nikienda kwake kuchukua kahawa na mafuta. Siku hiyo hakunitania. Nilipotaja mvinyo wa malimau alifunga kwanza mlango, kisha akatoa chupa tatu chini ya meza akazipanga juu ya kipande cha gunia.

Nazikumbuka hadi leo kama nilivyoziona siku ile. Ya kwanza ilikuwa ndefu, nyembamba shingoni, na mvinyo wake wa njano kali kama bizari. Karatasi yake ilikuwa na picha ya mwanamke mwenye kikapu. Ya pili ilikuwa fupi na nene, kioo chake kina mapovu, mvinyo umefifia rangi na una ukungu kidogo ukiutazama kwenye mwanga. Karatasi yake ilikuwa imeliwa na mchwa ikabaki vipande, na kizibo kimefunikwa kwa lakiri nyekundu. Ya tatu ilikuwa safi kupita zote. Kioo kinang'aa, karatasi mpya, kizibo kipya, mvinyo mwangavu kiasi kwamba niliona vidole vyangu upande wa pili.

"Ipi nzuri?" nikamuuliza.

"Chagua wewe."

"Mwenye duka ni wewe."

Akajipangusa shingo. "Mbili zilikuja na gari la moshi, ndani ya sanduku, na vitu vyangu vingine. Moja niliinunua kwa mtu aliyepita hapa akitokea huko chini."

"Huko chini wapi? Gulwe?"

Akautazama mlango alioufunga.

"Basi nionyeshe hiyo moja."

"Sijui! Niliziweka pamoja. Wakati ule nani alijua? Zilikuwa chupa tu." Sauti yake ilishuka. "Nikiivunja moja watauliza kwa nini. Nikizivunja zote watasema nilikuwa najua. Chukua zote tatu. Mwonyeshe Bwana wako, achague, urudishe mbili."

Nikaelewa kuwa alikuwa akiutua mzigo wake kichwani pangu. Lakini ningefanya nini? Nilizichukua, nikazifunga kwa gunia lile, nikaondoka nazo nimezikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Kila zilipogongana nilisimama.

Jikoni nilizitoa nikazitazama. Nilizigeuza juu chini kuona kama zina mashapo. Ile fupi ilikuwa nayo, vumbi laini la njano lililopanda na kushuka polepole. Ndefu haikuwa na kitu. Ile safi haikuwa na kitu. Je, mashapo ni dalili ya matunda au dalili ya uchafu? Maziwa mazuri yana utando, na maji ya bwawa pia yana utando. Nilinusa vizibo. Ndefu ilinuka sukari. Fupi ilinuka lakiri na mchwa. Safi haikunuka chochote, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kisha nikafikiri, mtu anayeuza sumu si atajitahidi ipendeze? Basi ni ile safi. Kisha nikafikiri, labda atatumia chupa kuukuu aliyoiokota jalalani. Basi ni ile fupi. Niliendelea hivyo mpaka maharage yakaungua.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule fundi aliyepofuka. Nilijua alipo, ingawa haikutakiwa nijue. Mzee mmoja wa pwani aliyekuwa akitunza wagonjwa katika banda la kambi, tuliyeswali naye Ijumaa, alikuwa ameninong'oneza kuwa fundi ameletwa Dodoma na kulazwa peke yake nyuma ya pazia, na kwamba Bwana wangu amekataza asitajwe kwa mtu. Nikafikiri, huyu ameiona ile chupa. Aliishika. Ataniambia tu ilikuwa ya namna gani.

Nilifunika sufuria, nikarudisha chupa katika gunia, nikaenda.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia yule mtunzaji mlangoni.

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Naomba nizungumze na mgonjwa wako. Kidogo tu."

Akalitazama gunia, akanitazama mimi. "Sina mgonjwa yeyote nyuma ya pazia," alisema, kisha akasogea pembeni nipite.

Fundi alikuwa amelala chali, mtu mrefu ambaye miguu yake ilipita kitanda. Ndevu zilikuwa zimemjaa. Macho yalikuwa wazi na mazuri, hayana kidonda, hayana ukungu, ila hayakunifuata. Kiswahili chake kilikuwa kile cha reli, cha kuamrisha na kuhesabu mawe.

"Nani?"

"Mimi mpishi, Bwana Fundi. Nina shida." Nikamweleza yote bila kuficha: mgeni, Mgiriki, chupa tatu. "Ile ya Gulwe ilikuwaje? Ndefu? Fupi?"

Akajikuna ndevu. "Rafiki yangu aliileta. Giza. Mimi nilishika kikombe tu."

"Na ladha yake?"

"Tamu." Akagusa midomo yake. "Ndiyo mbaya hiyo, mpishi. Tamu. Ulimi wangu hakuniambia kitu."

Matumaini yangu yote yalikuwa katika ulimi ule. Nilitaka kuondoka, lakini alinyoosha mikono. "Lete hapa."

Nilimpa moja moja. Aliipapasa ile ndefu toka kitako hadi shingo, akanusa kizibo kwa muda mrefu kuliko nilivyonusa mimi, akairudisha. "Sukari na rangi. Labda si sumu. Labda sumu." Ile safi aliinusa, akatikisa kichwa. "Hii sijui. Haina mtu ndani." Halafu nikampa ile fupi yenye lakiri. Aliyapapasa mapovu ya kioo kwa kidole gumba. Akakuta kitakoni alama iliyochorwa ndani ya kioo, ambayo mimi sikuwa nimeiona kabisa, akaizungushia kidole, akaizungushia tena.

"Kwetu," alisema.

"Kwenu wanatengeneza hii?"

"Kwetu kioo hiki. Mvinyo sijui. Mtu anaweza kumwaga mvinyo, kutia kitu kingine." Akaendelea kuishika, akawa ananieleza kwa maneno yaliyokatika jinsi wanawake wa huko wanavyomenya malimau, ganda la njano peke yake, jeupe la ndani likibaki linaleta uchungu, mama yake vidole vilikuwa vinanuka mwaka mzima, hata kanisani. Nilimsikiliza nikidhani anazungumza tu. Sikuona alipoipeleka chupa mdomoni. Aliing'ata lakiri, akaitema, akang'oa kizibo kwa meno, na kabla sijasimama alikuwa ameshapiga mafunda.

Nilimnyang'anya. Mvinyo ulimwagika kwenye blanketi, na harufu ya malimau ikajaa banda lile lililokuwa likinuka dawa na jasho.

"Utakufa!" nikamwambia. "Kwa nini umefanya hivyo? Utakufa!"

"Basi utajua," alisema.

Yule mzee aliingia mbio. Aliona chupa mkononi mwangu, akaona lakiri sakafuni. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Umemletea mgonjwa wangu sumu?"

"Mzee, amekunywa mwenyewe, nilikuwa—"

"Akifa, mimi sitakufa pamoja naye. Nitasema nani aliileta. Unanielewa, mwanangu? Nitasema."

"Kwani lini tutajua?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Wale wa Gulwe walilala wazima. Hata walicheka. Tutajua asubuhi."

Nilikaa kando ya kitanda mchana wote, nikatoroka mara moja tu kwenda kumpa Bwana chakula aliporudi kutoka Ihumwa. Akaniuliza kama nimepata chupa. Nikasema nimepata. Nilirudi. Fundi alikuwa amechangamka, mashavu mekundu, akiimba kwa sauti ya chini na kupiga mdundo kwenye ubao wa kitanda. Kila alipofumba macho nilimwita. Kila alipokohoa nilisimama. Nilimuuliza kama kichwa kinamuuma, kama tumbo linamuuma, hadi akachoka akanitukana kwa lugha yake, kisha akacheka, na kicheko kile kilinikumbusha maneno ya mzee.

Magharibi mzee akanifukuza. "Nenda nyumbani. Ukikaa hapa hutamfufua."

Mke wangu alikuwa amesonga ugali wa uwele na mlenda. Nilikisogeza chakula pembeni. Nilimweleza. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya tumbo lake, kisha nikasema lile nililokuwa nalo moyoni tangu mchana: "Tuondoke sasa hivi. Twende Miyuji kwa kaka zako, na kutoka huko mbali zaidi."

"Na wakija Miyuji kukutafuta?"

"Hawatanikuta."

"Watawakuta kaka zangu. Watawakuta na ng'ombe wao." Aliniambia bila ukali. "Ukikimbia utakuwa umekubali kwamba ulitaka kuua. Kaa. Omba Mungu yule mtu aamke."

Nikaomba. Sijawahi kuombea uzima wa mtu kama nilivyouombea wa yule Mtaliano, na wala sikujua jina lake.

Kulipopambazuka nilikuwa mlangoni pa banda. Mzee alikuwa anachemsha maji nje, hakuitikia salamu yangu. Nikaingia. Nyuma ya pazia fundi alikuwa amelala kajifunika blanketi gubigubi, uso na yote, kama wanavyofunikwa waliokwisha. Inzi walikuwa juu ya blanketi. Miguu mirefu imetokeza, haitikisiki. Nilisimama pale nikashindwa kunyoosha mkono. Kisha nikaugusa mguu mmoja. Ulikuwa baridi.

Mguu ukanipiga teke.

"Inzi!" alifoka ndani ya blanketi. "Funga pazia!"

Nilikaa sakafuni. Mzee alichungulia akasema, "Ameamka toka alfajiri anataka kahawa," na hakuniomba radhi kwa kunyamaza kule mlangoni. Nadhani na yeye alikuwa amekesha.

Basi chupa nimeipata. Lakini ilikuwa imevunjwa lakiri, na mvinyo umepungua hadi chini ya mabega. Jikoni nikafanya kama wapishi wote wanavyofanya: niliumimina katika ile chupa ya kioo ya mezani yenye kifuniko cha kioo, ukapendeza, na chupa yenyewe nikaificha nyuma ya kuni pamoja na zile mbili. Nikachinja kuku. Nikapika. Mchana gari la moshi likapiga honi, na Bwana Mkubwa akaja.

Alikuwa mzee mwembamba mwenye ndevu za mvi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha pwani, chenye "tafadhali" na "ahsante". Nilimwogopa zaidi kwa ajili ya upole ule. Alikula polepole. Bwana wangu aliongea sana kwa Kidachi, mgeni akaitikia kidogo. Nilipoweka ile chupa ya kioo mezani na vibilauri vidogo, mgeni aliinua kifuniko, akanusa, akanigeukia.

"Mpishi, chupa yake iko wapi?"

"Iko jikoni, Bwana Mkubwa."

"Ilete, tafadhali."

Nikaileta. Alipapasa mahali pa lakiri kwa kucha.

"Imefunguliwa, na mvinyo ni pungufu. Nani amekunywa?"

"Si mimi, Bwana Mkubwa. Mimi Mwislamu."

"Najua." Akajaza kibilauri hadi ukingoni, akakisukuma juu ya meza mpaka upande wangu. "Njiani nimeambiwa kwamba Gulwe mtu amekufa kwa chupa kama hii. Bwana wako ananiambia ni homa, na kwamba hakuna mwingine aliyeumia. Kama ni homa, hapana neno. Kunywa."

Bwana wangu hakuinua macho. Alikuwa akikunja kitambaa chake cha mezani, anakikunjua.

Nilikishika kibilauri. Ulikuwa mvinyo ule ule, nilijua hauna sumu, fundi alikuwa ameupima kwa mwili wake. Lakini kuna kujua na kuna kunywa. Nilimwona baba yangu akisimama mlangoni, ingawa alikuwa amekufa zamani. Nikaona pia kwamba nikinywa na kubaki mzima, basi mbele ya mgeni nitakuwa nimethibitisha ni homa, na fundi atabaki nyuma ya pazia mpaka azikwe. Na nikisema kweli, Bwana wangu ataonekana mwongo mezani kwake mwenyewe, na mimi nitabaki naye mgeni akishaondoka. Sikuwa na njia isiyo na kiboko. Nikakirudisha kibilauri mezani.

"Umeshaonjwa, Bwana Mkubwa," nikasema.

"Na nani?"

"Na fundi wa Gulwe. Yule aliyepofuka. Yuko kambini hapa."

Kitambaa cha Bwana kikatulia. Shingo yake ikawa nyekundu toka kwenye ukosi kwenda juu. Mgeni aliweka chupa chini, akainuka, akachukua kofia.

"Nipeleke."

Nilitangulia mimi, jua la utosi, vumbi linaruka. Mgeni nyuma yangu, na Bwana nyuma yake. Sikugeuka hata mara moja, lakini mgongo wangu ulijua anayeutazama ni nani.

Bandani mgeni alivuta pazia, akasema maneno machache kwa Kitaliano. Fundi akaketi ghafla. Aliulizwa kitu, akajibu. Akaulizwa tena, akajibu kwa kirefu, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mgeni, akaushika hakuuachia. Sikuelewa neno. Yule mzee mtunzaji alisimama kama mti. Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Fundi alivishwa shati safi, akaongozwa hadi kwenye gari la moshi la kurudi pwani. Mgiriki naye aliitwa, akahojiwa, akapandishwa gari hilo hilo akiwa na askari. Zile chupa mbili nilitakiwa nizilete kituoni, na mgeni mwenyewe akazimwaga kwenye mchanga kando ya reli. Nilitazama kama zitatofautiana. Mchanga ulizinywa zote mbili sawasawa, na hadi leo sijui ipi ilikuwa ipi, au kama hata mojawapo ilikuwa na kitu.

Gari lilipoondoka nilibaki na Bwana wangu kituoni. Alitangulia, nikamfuata hadi nyumbani. Barazani alisimama, akanipa kisogo.

"Kesho asubuhi nenda bomani, uningoje huko."

Kwa mke wangu sikutaja tena habari za kukimbia. Nilimwambia tu. Alinitafutia kanzu yangu nzito na shuka ya kuvaa ndani ili kupunguza makali ya kiboko, akazikunja, akaziweka karibu na mlango. Kisha akakaa chini akanipa mgongo, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Bomani tulikuwa mstari wa watu kadhaa, wengi vibarua wa reli. Mbele yangu alikuwa kijana Mgogo aliyekuwa amepoteza ng'ombe wa serikali; alijaribu kunisalimia kwa Kigogo, na taya zake zikagongana. Aliitwa. Nikatazama ukuta. Nilikisikia kila kiboko, kwa karibu, si kama jikoni. Hewani kwanza, kisha mwilini. Walipomwinua alikojoa akisimama. Askari mkuu, mtu mzima mwenye makovu mashavuni, akanionyesha kidole.

"Wewe wa nani?"

Nikamtaja Bwana wangu. Nikasema ameniambia nimngoje.

"Hajaleta neno. Amepita hapa alfajiri na gari la kazi, ameelekea magharibi kwenye kambi ya mbele." Akanitazama, kanzu yangu nene katika joto lile. Nadhani alielewa. "Hana neno, basi mimi sina kazi na wewe. Toka."

Sikutoka mara moja. Akanisukuma kifuani kwa kiganja, si kwa nguvu, nikatoka.

Sikujua wakati ule, wala sijui sasa, kama Bwana alisahau, au alinisamehe, au alitaka tu niupitie mlango ule niyasikie. Alirudi baada ya majuma mengi, amekonda kwa homa ya kweli, akaniagiza mchuzi. Hakutaja Gulwe wala Bwana Mkubwa. Nilimpikia mpaka mvua zilipokolea, na kila aliposema "Mpishi!" kitu fulani kilinidondoka mkononi, kijiko au yai au kifuniko.

Mtoto wetu alizaliwa mvua ya kwanza, msichana. Alipomaliza arobaini nilimwambia Bwana kwamba naacha kazi. Aliniuliza sababu. Nikasema shamba la wakwe linahitaji mtu. Alinitazama muda, akasema, "Mkate wako ulikuwa mzuri," akarudi kwenye ramani zake. Tukahamia Miyuji, nikajifunza kulima uwele nikiwa mtu mzima, shemeji zangu wakinicheka kwa jinsi nilivyoshika jembe.